Mlenda wa Nywele za Elina

Mtoto akilia kwa mama yake mzazi, majirani husema anadeka. Akilia kwa mama wa kambo, huacha walichoshika na kuja kusikiliza. Hilo nililijua wiki ya kwanza ya ndoa yangu hapa Kinampanda, siku nilipochukua chanuo na kumwita Elina aje nimchane.

Elina ni mtoto wa mume wangu, Gaspari, na marehemu mke wake, Martha. Nilipoolewa alikuwa na miaka minne, na kichwani alikuwa na kichaka. Sisemi kwa dharau. Mimi ni msusi. Kabla ya kuja huku nilikuwa nasuka kwenye saluni moja Singida mjini, na nimefumua vichwa vya wanawake ambao wenyewe hawakumbuki walisuka lini. Lakini kichwa hiki kimoja kilinishinda. Chanuo likigusa tu, Elina alipiga yowe la kusikika mpaka kisimani, na mimi niliona vilemba vikichomoza juu ya ua wa minyaa, kimoja, kingine, kingine.

"Mtoto wa Martha anachinjwa," mtu akasema huko nje, wala hakushusha sauti.

Jina langu ni Yasinta, ila hapa hakuna anayelitumia. Naitwa mke wa Gaspari, na hata hilo wanalitamka kama cheo cha kukaimu. Nikimchana Elina, namchinja. Nisipomchana, "tazama anavyomwacha mtoto wa mwenzie na nywele za kichaa." Nikimshika kwa nguvu, mkatili, nikimwachia, mvivu. Kila upande niliogeukia palikuwa na mtu amesimama akisubiri nikosee, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo kukosea hakukuwa mbali.

Njia iliyobaki ilikuwa wembe. Watoto karibu wote hapa wananyolewa, na hakuna anayelia zaidi ya dakika mbili. Nilimwambia Gaspari wakati tunakula, kama jambo dogo tu.

"Usimnyoe," akasema.

"Anateseka, baba Elina. Zikiota upya nitazitunza tangu mwanzo."

"Yasinta, nimesema usimnyoe."

Gaspari ni mtu mpole. Mbuzi wa watu akiingia kwenye alizeti yake, humwomba atoke. Siku hiyo alisukuma sahani na kwenda kukaa nje peke yake. Nikajiambia ni mapenzi: nywele zile Martha alizishika, labda ndicho kitu pekee cha Martha kilichobaki kinaota. Nisiseme uongo, wivu ulinichoma. Kisha nikaona aibu kumwonea wivu mtu aliyekwisha kufa, nikayaacha.

Tatizo ni kwamba huku nyuma nilikuwa nimeshampenda mtoto. Sikupanga. Alikuwa akinifuata kila ninapokwenda, kwa kuku, kwa mbuzi, mpaka chooni, akikaa nje ya mlango na kunisimulia habari za mbuzi. Aliniita mama mdogo, na akisinzia anasinzia mgongoni kwangu hata kama baba yake yupo. Mimi mwenyewe Mungu hajanijalia bado. Chanuo likionekana tu ndipo anakimbilia chini ya kitanda, na hapo chini ananitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, macho ya mtu anayejua kwamba na mimi ni walewale.

Halafu ikaja habari ya bibi yake. Mama Martha, bibi mzaa mama wa Elina, anakaa Nduguti. Alipiga simu kwa Winfrida, mdogo wake Gaspari, ambaye ametoka shule juzijuzi na anakaa nasi. Akasema anakuja mwezi unaofuata kumwona mjukuu wake. Winfrida akaniletea habari hiyo jikoni, akiwa amejiinamia.

"Wifi, yule mama haji kutembea. Tangu msiba anamtaka Elina. Safari hii atamkagua. Akimkuta hatunzwi, anaondoka naye."

"Kaka yako anasemaje?"

"Kaka hasemi. Unamjua."

Nilimtazama Elina, amekaa kwenye majivu na kichaka chake kimejaa makapi ya alizeti. Mtu yeyote angemwona vile angesema hatunzwi. Ningekuwa mimi ndiye bibi, ningembeba siku hiyohiyo.

Rafiki yangu wa saluni alikuwa amenitumia video ya mama mmoja wa Ulaya huko, Mwafrika mwenzetu, anayetengeneza dawa ya kulainisha nywele za watoto wake. Anachemsha mbegu fulani, anachuja, anatia mafuta ya nazi, anamimina kwenye chupa ya kupulizia. Akipuliza, chanuo linapita na mtoto anaendelea kula biskuti. Niliitazama mara nyingi mpaka bando likakata. Mbegu zenyewe sizijui, na mafuta ya nazi huku tunayasikia tu. Lakini kila nilipofika pale anapoinua kijiko na maji yale yanavutika kama uzi bila kukatika, nilihisi nimewahi kuyaona. Nilikuja kukumbuka mchana mmoja, tunakula ugali. Uzi uleule ulikuwa unaning'inia kwenye vidole vyangu. Mlenda.

Mlenda, mboga yetu ya kila siku, unateleza kuliko kitu chochote kilichomo nyumbani kwetu. Nikachuma majani mabichi nyuma ya nyumba, nikayachemsha kwa maji matupu, bila chumvi, bila magadi. Magadi ni yale mawe meupe tunayotia kwenye mboga zilainike, na mtu aliyeshika dawa za saluni miaka kadhaa hahitaji kuambiwa yanaweza kufanya nini kwenye nywele. Nikaacha yapoe, nikachuja kwa kitambaa, nikatia mafuta ya alizeti kidogo na asali kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu nilitaka yanukie vizuri. Chupa ya kupulizia nilikuwa nayo tangu saluni.

Sikumpulizia Elina. Nilimpa chupa anipulizie mimi. Akanilowesha kichwa mpaka maji yakaingia masikioni, kisha akampulizia Winfrida, kisha mbuzi, ambaye aliramba. Elina alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili yake nilimwomba anipe kishungi kimoja tu, kile cha nyuma ya sikio, na yeye ndiye apulize. Akapuliza. Nikaanza kwenye ncha, kwa vidole, nikipanda taratibu kuelekea kwenye shina. Fundo likateleza, likafunguka. Alikuwa ameshajikunja akisubiri maumivu, na maumivu hayakuja.

"Bado?" akauliza.

"Nimeshamaliza."

Akashika kile kishungi akakivuta mbele ya macho yake. Kilikuwa kirefu mpaka kwenye kidevu. Hakujua kwamba ana nywele ndefu, wala mimi sikujua.

Tuliendelea hivyo kila jioni, kishungi kimoja au viwili, na nilichokifungua nilikisuka mabutu kisirudi kujifunga. Ikafika mahali Elina anakuja mwenyewe na kigoda, anakaa katikati ya magoti yangu, ananipa chupa. Majirani walikuja uani kusikiliza na hawakusikia kitu. Sasa kimya nacho kikawa kosa. Yule jirani mwenye sauti, aliyesema namchinja mtoto, alimuuliza Winfrida kisimani kama mke wa Gaspari siku hizi anamnywesha mtoto dawa ya usingizi. Nilipoambiwa nilitaka kwenda nikampulizie na yeye mdomoni.

Gaspari alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anapita, anashika butu moja, anatikisa kichwa.

"Hivihivi," alikuwa akisema. "Zitunze hivihivi. Usizikate kamwe."

Wiki ya bibi ikafika. Gaspari alikuwa na alizeti ya kukamua Kiomboi, kwa hiyo ilipangwa aende Alhamisi, alale huko kwa ndugu yake, na Ijumaa ampokee Mama Martha akishuka kwenye basi, waje pamoja kwa gari litakaloleta mafuta ya alizeti. Mimi nikapanga yangu. Alhamisi asubuhi nilitaka kumfumua Elina kichwa chote, nimloweshe mlenda mwingi, nimfunge kitambaa ukae mpaka jioni, halafu nimsuke mistari mizuri ya kumpokea bibi. Nilitaka yule mama akose la kusema.

Lakini asubuhi hiyo niliitwa zamu ya kusafisha kanisa, na mke wa Gaspari asipokwenda zamu hata Askofu atapata habari. Nikamwambia Winfrida anipikie mlenda wa nywele, auache upoe, nikirudi nimpake mtoto.

"Kama unavyopika wewe," akasema.

"Kama ninavyopika mimi."

Nilirudi nimechoka. Ule mlenda ulikuwa mzito, wa kijani cha kukolea, unavutika kuliko wa siku zote. Nikafurahi. Nikampongeza Winfrida. Nikampaka Elina, sikupuliza hata, nilimwagia kwa kiganja mpaka ngozini, nikamfunga mfuko wa nailoni na kitambaa juu yake.

Baada ya muda alikuja nilipokuwa nachambua mchele.

"Mama mdogo, inawasha."

"Vumilia kidogo. Kesho bibi anakuja."

"Inawasha hapa, na hapa."

"Elina, vumilia."

Sikuwahi kumlazimisha tangu tuanze. Siku hiyo nilimlazimisha, na alinitii kwa sababu alikuwa amejifunza kuniamini. Alikwenda akakaa kwenye kivuli cha nyumba, mikono mapajani, akingoja.

Nilipofungua kitambaa jioni ile, nilishika kishungi cha mbele ili nianze kuchana. Kilivutika kama mpira, kikabaki mkononi mwangu. Nikashika kingine. Kikakatika nacho. Nikammwagia maji, ndoo nzima, na nyingine, na maji yalikuwa yanashuka na nywele. Ngozi ya kichwa ilikuwa nyekundu, imeumuka sehemu mbili. Elina hakulia. Alikuwa anaokota zile nywele na kuzirundika kwenye gauni lake.

"Winfrida," nikaita. "Uliweka nini?"

Alisimama mlangoni na mwiko.

"Magadi tu, wifi. Niliongeza kidogo ili uteleze zaidi. Mlenda bila magadi si mlenda."

Angekuwa mtu mbaya ningepata pa kumwagia hasira yangu. Lakini Winfrida alipika mlenda kama mama yake alivyomfundisha, na kama mama yake alivyofundishwa, na akatia mkono kwa kutaka kunisaidia. Sikumwambia kwa nini mimi situmii magadi. Nilidhani anaona. Akaanza kulia yeye, na Elina akaenda kumshika gauni, amebaki na mabaka kichwani kama kuku aliyedonolewa na wenzake.

Hakukuwa na la kuficha wala kitambaa cha kufunika. Nilisubiri asubuhi, ngozi ipoe, nikachukua sabuni na wembe mpya. Nilikumbuka kila neno la Gaspari wakati nachana ile paketi ya wembe. Usizikate kamwe. Nikamnyoa. Nilinyoa taratibu, nikiruka palipoungua, na mtoto alitulia kabisa.

"Zitarudi?" akaniuliza.

"Zitarudi."

"Na bibi ataniona hivi?"

Nilikuwa nawaza maneno ya kumwambia bibi, na kila niliyoyapata yalianza na neno nisamehe na kuishia kwenye gari likiondoka na Elina.

Walifika mchana. Nilisikia gari, nikasikia na vilemba vinakusanyika kwenye minyaa. Mama Martha alishuka kwanza, mama mrefu, mkavu, amevaa khanga mbili na sweta. Gaspari alishuka nyuma yake amebeba dumu la mafuta. Elina alikuwa amesimama mbele yangu, nimeweka mikono mabegani kwake, kipara chake kinang'aa juani.

Gaspari aliweka dumu chini. Sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika vile. Nilidhani ni hasira. Ningefurahi ingekuwa hasira.

"Shikamoo mama," nikasema, nikapiga goti.

Mama Martha hakuitikia. Alikuja mpaka kwa Elina, akamwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo.

"Nani kamnyoa?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

Akakaa chini. Pale pale kwenye vumbi, na khanga zake safi, akamvuta Elina mapajani na kuanza kulia. Si kilio cha hasira. Alilia kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akanyoosha mkono, akashika wangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Nani alikuambia? Maana huyu hakukuambia." Alimnyooshea Gaspari kidole bila kumtazama.

"Aniambie nini, mama?"

"Kwetu, kwenye ukoo wetu, mtoto aliyefiwa na mama ananyolewa zile nywele alizokuwa nazo siku ya mazishi. Anamnyoa yule anayesimama mahali pa mama, na anasema maneno, na basi, msiba umeisha. Kabla ya hapo hawezi kuingia nyumbani kwangu. Hawezi kulala kwangu wala kula chungu changu. Martha wangu alisema akiwa kitandani, mtoto alelewe na mimi. Gaspari aliitikia, mimi nipo, nasikia. Siku ya mazishi nimekuja na wembe, akambeba mtoto akajifungia naye ndani. Mwaka juzi hiyo. Mpaka leo nimekuwa nakuja nikimwomba anyoe, anasema nywele za mtoto hazina kosa. Nami nikiziona zimejifunga kichwani naona binti yangu hajazikwa." Akafuta uso kwa khanga. "Wewe umemzika. Hawa wanakuita mke wa Gaspari. Wewe ni mama yake. Sasa naweza kwenda naye."

Nje ya minyaa hakuna aliyekohoa. Walisikia yote. Nilikuwa nimeingojea sentensi hiyo tangu niolewe, wewe ni mama yake, mtu aiseme kwa sauti mbele yao, na imekuja imefungwa pamoja na ile nyingine.

Nilimtazama Gaspari. Yeye alitazama dumu lake. Kumbe mwanamume huyu alifuga kichaka kile kama mtu anavyofuga mbwa mlangoni, na hakuniambia, kwa sababu kuniambia kulitaka akiri kwamba alimwitikia mke wake anayekufa na hakutimiza. Na mimi, msusi, mjuaji, nikakaa nalainisha nywele kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto, kumbe nywele zilikuwa zinamlinda zenyewe, na ubaya wake wote haukudhuru kitu. Nikiinyamazia heshima niliyopewa, Elina anaondoka. Nikisema kweli, mimi ni mama wa kambo aliyemchoma mtoto kichwa, na kwa kosa hilo pia Elina anaondoka. Nilihesabu pande zote mbili na sikuona mlango.

Winfrida akafungua mdomo. Nilijua anataka kubeba lawama. Nikamkanyaga mguu.

"Mama," nikasema, "mimi sikumnyoa kwa msiba."

Akaniangalia.

"Sikujua habari hiyo. Nilikuwa nampaka mlenda nywele zilainike, na jana ukaingia magadi, na nilimfunga mpaka jioni. Aliniambia inawasha nikamwambia avumilie. Zilikatika zote. Nimenyoa mabaki leo asubuhi. Sikusema maneno yoyote. Nilikuwa nawaza utanichukulia mtoto."

Nilisikia minyaa inapumua. Kesho kisimani watakuwa na la kusema mpaka mavuno. Sikujali, au nilijali lakini si sana. Heshima niliitaka, ila mtoto nilimtaka zaidi.

Mama Martha alikigeuza kichwa cha Elina taratibu, akaona palipoungua, akapagusa kwa ncha ya kidole.

"Ulimchoma."

"Ndiyo, mama."

"Kwa kutaka apendeze."

"Kwa kutaka usimchukue."

Elina alikuwa amemlalia kifuani, anachezea vifungo vya sweta. Nilitegemea kutukanwa, na nilikuwa nimeshaamua kwamba safari hii sitajibu.

"Basi hajanyolewa," akasema mwishoni. "Wembe umepita tu. Wembe bila maneno haujafanya kitu, na zitakazoota ni za msiba uleule." Akamgeukia Gaspari kwa mara ya kwanza. "Nitarudi zikishikika mkononi. Kabla hajaanza shule mwezi wa kwanza na kunyolewa huko, nitamnyoa mimi, kwa maneno, na tutaondoka naye. Msimpitishie wembe tena. Huyu ndiye Martha wangu aliyebaki. Mmenizungusha mara moja, msinizungushe tena."

"Sawa, mama," Gaspari akasema.

Kwangu hakuwa na ukali, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alikula, akalala kwa jirani mmoja wa ukoo wao, na asubuhi kabla hajapanda gari akaniita pembeni.

"Huo mlenda wako usio na magadi, unasaidia kweli?"

"Unasaidia, mama. Unalainisha na ngozi inapoa."

"Basi endelea nao. Ziote vizuri. Nisimnyoe mtoto mwenye vidonda." Akanishika shavu. "Naona unampenda. Utakuwa unakuja kumwona."

Tangu hapo Gaspari anaongea na mimi kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Juzi alinifuata jikoni, akasema tunaweza tukawa tunamnyoa kila wiki, kidogokidogo, mwezi wa kwanza ufike hakuna kitu cha kushika.

"Na Elina tumwambieje?" nikamuuliza.

Akatoka nje. Elina anazitaka nywele zake. Anajua bibi atakuja kumchukua aende kutembea. Ndivyo tulivyomwambia, kutembea. Anachosubiri yeye ni nywele. Nilimwahidi zitarudi, na ni ahadi pekee niliyompa tangu nimfunge ule mfuko kichwani. Kila asubuhi analeta kigoda na chupa, anakaa katikati ya magoti yangu na kipara chake, anainamisha kichwa. Anasema nipulize nyingi ziote haraka. Nami natengeneza mlenda mzuri kuliko wowote niliowahi kutengeneza, kwa sababu ngozi yake bado ina alama na sitaki imuwashe tena.

Leo alipokaa nilipitisha kiganja, kama kila siku, nikiomba nisikute kitu. Zilikwaruza. Kuanzia utosini mpaka kisogoni, laini za juujuu tu, lakini zilikuwepo.

"Zimeota?" akauliza.

"Bado."

Akapeleka mkono wake mwenyewe. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akihakikisha. Kisha akacheka, akanigeukia na kunipa chupa.

"Zimeota, mama mdogo. Puliza."

Nikapuliza.